Nyayo na Ramani ya Mwili
Aliyeshinda akipanda vilima vya Mkolani, Mwanza, hupata faraja akikandwa nyayo. Je, kukandwa huko kwaweza pia kutibu ini? Ndivyo isemavyo refleksolojia. Katika kitabu cha mwaka 1917, daktari Mmarekani William Fitzgerald aliugawa mwili katika kanda 10. Miaka ya 1930 Eunice Ingham akachora nyayoni ramani ya viungo. Lakini kwa njia gani? Mishipa ya fahamu ya unyayo huelekea uti wa mgongo na ubongo. Hakuna uendao kwenye ini. Majaribio hayajathibitisha kwamba ukandaji huo huponya ugonjwa wowote. Faraja ni ya kweli. Ila mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi apimwe kwanza hospitalini: huenda ana kidonda asichokihisi.