Kabla ya kulipa dipoziti, iangalie keja saa tisa alasiri

Keja yangu niliiona saa nne asubuhi. Tiles safi, maji yapo, ghorofa ya juu kabisa, mwanga tele. Nikalipa dipoziti siku hiyo hiyo. Alasiri ya kwanza ndipo nilielewa kwa nini aliyekuwa humo alihama. Mabati juu, ukuta wa magharibi unachomwa na jua, na dirisha ni moja tu. Saa tatu usiku godoro bado lilikuwa na moto, ilhali nje watu wamevaa jaketi.

Ni kweli tabianchi inabadilika na joto linapanda. Lakini Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hupoa. Shida ni kwamba nyumba zetu nyingi hazina pa kuingizia huo ubaridi.

Hapa karibu na Ikweta, jua la mchana huwa juu ya paa. La asubuhi na la alasiri ndilo huinama na kuingia dirishani. Kwa hivyo nyumba ikielekeza madirisha yake kaskazini na kusini, paa likitokeza kidogo tu, kivuli kinapatikana. Hewa nayo inataka pa kuingilia na pa kutokea, na kwa kuwa yenye joto hupanda, tundu la kuitoa linafaa kuwa juu. Ila ploti ni nyembamba, na landilodi anahesabu vyumba, si upepo.

Haya si mambo mageni. Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, una kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba vyenye kivuli, na uwazi ndani ya nyumba unaoitwa kiwanda. Hapa Nairobi, jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri mwaka 2011 linatumia akili iyo hiyo: hewa huingia kwa madirisha, ikipata joto hupanda kupitia uwazi wa katikati na kutoka juu.

Wewe na mimi hatujengi, tunakodi. Basi nenda uione keja saa tisa alasiri. Gusa ukuta wa magharibi. Tazama kama kuna silingi chini ya mabati, na kama juu ya mlango kuna tundu la hewa.

Na kama ushaingia? Zuia jua kabla halijagusa kioo, hata kwa mkeka ulioning'inizwa nje. Mchana funga pazia, usiku fungua dirisha, weka wavu wa mbu. Kisha ongeeni na landilodi kama wapangaji, apake mabati rangi nyeupe. Mimi na majirani tumeanza kumsumbua. Kiangazi kijacho hakitatungoja.