Mbegu Kwanza, Shamba Baadaye: Kuhifadhi Data Kabla ya Kuweka Upya Mfumo wa Kompyuta

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kwa sababu hiyo kompyuta nyingi, zikiwamo za shule, zinahitaji kuwekewa mfumo mwingine. Kwa mwalimu wa Sumbawanga, Laela au Namanyere, kazi hii si ya kumwachia fundi peke yake. Ndani ya kompyuta yake huenda mna alama za wanafunzi za miaka minne. Mfumo endeshi ukifutika hupatikana tena. Alama zikifutika hazina duka.

Yafaa kwanza tutofautishe vitu viwili. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia viungo vyote vya kompyuta. Data ni kazi yetu wenyewe: maandishi, picha, hesabu. Vyote viwili mara nyingi hukaa katika diski moja, na hapo ndipo penye hatari.

Mkulima wa Ufipa huilewa hatari hiyo. Hufukia nyasi katika matuta ya duara yaitwayo intumba. Zikisha kuoza, huyabomoa na kuutawanya udongo wenye rutuba. Shamba hubadilika sura, lakini mbegu hazimo humo. Zimehifadhiwa nyumbani.

Je, ni nini hutokea ndani ya diski? Ifikirie kama kitabu chenye faharasa. Diski inapofomatiwa kwa haraka, faharasa huondolewa, lakini kurasa hubaki kwa muda. Ndiyo maana fundi pengine huweza kuokoa faili. Mfumo mpya unapoandikwa, hukalia kurasa hizo, na kilichofunikwa hakirudi. Katika diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, nafasi zilizoachwa wazi aghalabu husafishwa na diski yenyewe, na uokoaji huwa mgumu zaidi.

Kwa hiyo hatuna budi kufuata utaratibu huu:

1. Orodhesha data zote. Usiishie kwenye folda ya nyaraka. Tazama pia faili zilizo kwenye uso wa skrini, zilizopakuliwa, na zile zinazotunzwa ndani ya programu za matokeo au hesabu.

2. Nakili mahali pawili, kwa mfano kwenye diski ya nje na kwenye hifadhi ya intaneti. Kanuni inayofuatwa na wengi ni nakala tatu, vyombo vya aina mbili, na nakala moja iwe mbali na jengo.

3. Hakiki. Linganisha idadi na ukubwa wa faili, kisha zifungue kadhaa katika kompyuta nyingine. Nakala isiyofunguka si nakala.

4. Chomoa diski ya nje kabla ya kuanza, isije ikafutwa kwa kukosea.

5. Hakikisha umeme. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilipata umeme kutoka Zambia, nje ya gridi ya taifa, na wenyeji wanajua adha ya umeme kukatika. Ukikatika katikati ya kazi hii, kompyuta yaweza kubaki bila mfumo wowote. Betri ya akiba ni muhimu.

Alama za wanafunzi ni taarifa binafsi, nazo zinalindwa na sheria ya mwaka 2022. Kwa hiyo nakala zifungiwe kabatini au ziwekewe nywila.

Hata wakubwa huteleza. Mwaka 2019 kampuni ya MySpace ya Marekani ilitangaza kwamba, kutokana na kazi ya kuhamisha seva, muziki, picha na video zilizowekwa zaidi ya miaka mitatu kabla huenda zisipatikane tena. Kazi za wasanii wengi zilipotea hivyo.

Jaribio kwa wanafunzi: andikeni faili kumi, mzinakili kwenye flashi, kisha mzifungue katika kompyuta nyingine. Ngapi zimefunguka? Kama ni pungufu ya kumi, tafuteni sababu kabla ya kugusa mfumo wa kompyuta ya shule.