Mashine kubwa au haibridi? Swali la Ferrari na Lamborghini lina jibu lake Kua

Lamborghini walipotoa gari lao la Revuelto mwaka 2023, mashabiki wa magari ya kasi walishusha pumzi. Injini ya silinda 12, lita 6.5, bado imo. Ila safari hii haiko peke yake: imepewa mota tatu za umeme na betri ndogo, na vyote kwa pamoja vinatoa nguvu inayopita HP 1,000. Mwaka uliofuata Ferrari wakaleta 12Cilindri, nayo ina silinda 12 na lita 6.5, lakini haina mota hata moja ya umeme ya kusukuma magurudumu. Ni kampuni mbili za nchi moja, na kila moja imekuja na jibu lake.

Kua, kwenye kisiwa cha Juani huko Mafia, hakuna barabara ya kukimbizia Ferrari. Kuna magofu ya mji wa kale, mikoko, mibuyu na maji yanayojaa na kupwa. Hata hivyo swali ni lilelile, tofauti ni kwamba huku liko baharini: chombo kifungwe mashine kubwa, au kiwe na tanga pamoja na mashine ndogo? Na huku si swali la starehe. Ndani yake mna hela ya mafuta, samaki wanaotakiwa kufika sokoni kabla hawajaharibika, na mgonjwa anayetakiwa kuvushwa usiku.

Kwanza, haibridi ni nini hasa

Haibridi ni chombo chenye vyanzo viwili vya nguvu vinavyosaidiana. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, ndiyo iliyoyazoesha watu magari hayo. Siri yake kubwa iko kwenye breki. Gari la kawaida likifunga breki, nguvu yote inapotea kama joto. La haibridi huigeuza sehemu ya nguvu hiyo kuwa umeme, huutia kwenye betri, kisha huutumia wakati wa kuondoka tena. Ndiyo maana kwenye foleni za Dar es Salaam haibridi inakula mafuta kidogo, lakini ukinyoosha barabara kuu kwa mwendo mmoja faida hiyo inapungua sana.

Kwenye magari ya kifahari sababu ni nyingine kidogo. Mota ya umeme inatoa nguvu papo hapo, haisubiri injini ipande mizunguko. Halafu kuna sheria za moshi za Ulaya, ambazo mtengenezaji hawezi kuzikwepa. Gharama yake ni uzito. BMW M5 iliyotoka mwaka 2024, yenye injini ya V8 na mota ya umeme, ina uzito wa takriban tani 2.4. Mercedes-AMG nao waliitoa V8 kwenye C63 wakaweka injini ya lita 2 yenye silinda nne na mota ya umeme. Kwa nguvu inaizidi ile ya zamani kwa mbali, ila wapenzi wengi wa gari hilo hawakuipokea vizuri. Mlio haukuwa ule. Mtu anayetoa hela nyingi kiasi hicho hanunui usafiri tu, na mlio umo kwenye bei.

Baharini hakuna breki

Ukichukua mfumo wa Prius ukaupachika kwenye mashua, utakuwa umenunua uzito tu. Mashua haifungi breki kila baada ya mita mia. Mashine inasukuma maji mfululizo kutoka ufukwe huu hadi ule, na hakuna nguvu ya kurudisha kwenye betri. Haibridi inayofaa baharini ni ile ambayo chanzo chake cha pili hakihitaji kuchajiwa, na watu wa pwani wanacho tangu zamani: upepo.

Mji wa Kua wenyewe uliishi kwa upepo. Majumba yake, misikiti yake na kile kinachoitwa ikulu ni mali ya watu waliofanya biashara kwa majahazi. Mwanzoni mwa karne ya 19 ulivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska waliokuja kwa mitumbwi, na haukuinuka tena. Hata kisa maarufu cha uadui wa Kua na Kisimani, kwa masimulizi ya wenyeji, kinaanzia kwenye jahazi: watu wa Kisimani walipokuwa wakilishusha majini, inasemwa, waliwalaza watoto wa Kua njiani likapita juu yao. Kisasi cha Kua kilikuja miaka baadaye, kwenye karamu ya harusi.

Hesabu ya lita

Turudi kwenye mashine. Zinazoonekana zaidi kwenye fukwe zetu ni zile za petroli za kupachika nyuma, za mipigo miwili, zinazochanganywa mafuta na oili. Kanuni ya kukadiria ni rahisi: mashine ya petroli ikifunguliwa mpaka mwisho hula karibu nusu lita kwa kila HP moja kwa saa. HP 15 ni kama lita 7 na nusu kwa saa. HP 40 ni lita 20.

Sasa mwenye mashua ya mbao atasema, sawa, lakini HP 40 itanifikisha haraka. Hapa ndipo wengi wanapoingia hasara. Chombo kizito cha mbao hakipandi juu ya maji kama boti ya faiba. Kinayapasua maji, na kila kikiongeza mwendo kinajitengenezea wimbi lake chenyewe, kikifika mahali kinakuwa kama kinapanda mlima usioisha. Mwendo wa mwisho unategemea urefu wa chombo. Mashua yenye urefu wa futi 25 kwenye usawa wa maji inakwama kwenye noti 6 na nusu hivi, sawa na kilomita 12 kwa saa. HP 15 inaweza kuikaribisha hapo. Ukifunga HP 40, petroli zaidi ya nusu ya unayoichoma inakwenda kutengeneza mawimbi.

Kinyume chake nacho ni kweli. Ukipunguza mwendo kwa moja ya tano, nguvu inayohitajika inashuka hadi karibu nusu. Nahodha anayetoa kaba kidogo tu anafika amechelewa dakika chache, na amebakiwa na lita za kurudia.

Kuna mtu atauliza: si ninunue kubwa halafu niiendeshe polepole? Inawezekana, na kwa mwendo uleule ulaji wake hautaizidi ndogo kwa mbali sana. Lakini mashine ya mipigo miwili ikizoeshwa kuunguruma chini chini kila siku, plagi zinachafuka na inaanza kusumbua kuwaka. Tena HP 40 ina uzito wa kilo 70 na ushei, wakati HP 15 haifiki kilo 45. Uzito huo wote unaning'inia kwenye ubao wa tezi. Mashua imara itaustahimili. Ngalawa usiijaribu. Na kusema kweli, mkono wa kijana aliyeshika mashine ya HP 40 ni nadra kukaa polepole.

Tanga linapoingia

Mwenye tanga na HP 15 au hata HP 8 anacheza na vyote viwili. Kua iko kusini ya Utende na Chole. Msimu wa kaskazi, kuanzia karibu Desemba hadi Machi, upepo unampeleka na tanga peke yake, na kurudi ndiyo kazi. Msimu wa kusi mambo yanageuka: kwenda ni kubisha, kurudi ni kustarehe. Kwa hiyo karibu kila safari ina upande mmoja wa bure. Upande wa pili unawasha mashine ndogo, unaliacha tanga likisaidia kila upepo unapokubali, na kaba inabaki nusu. Hiyo ndiyo haibridi, haina betri wala kompyuta.

Kuna faida nyingine ambayo Revuelto haiwezi kukupa. Mashine ikizima katikati ya ghuba, tanga linakurudisha nyumbani. Kwenye ghuba ya Chole hili si jambo dogo. Maji yote yanayoingia na kutoka humo yanapita kwenye milango michache, na mkondo wa mlango wa Kinasi wakati wa bamvua unajulikana kwa nguvu zake. Wazamiaji hupelekwa nao. Boti ya mashine moja bila tanga wala kasia, ikizima pale maji yakiwa yanatoka, inaelekea bahari kuu. Upepo ukilala nao, shwari kabisa, mashine ndogo ndiyo inayokuokoa. Vyanzo viwili ni nadra kufa siku moja.

Na kuna kina cha maji. Kua haifikiki saa yoyote unayotaka, maji yakipwa chombo kinakwama kwenye tope na mawe kabla ya ufukwe. Mashine ya kupachika inainuliwa, unasukuma kwa upondo ukafika. Mashine ya dizeli iliyofungwa ndani ya chombo inakula nusu tu ya mafuta ya petroli kwa nguvu ileile, na kwa jahazi la mizigo au wavuvi wa safari ndefu ni chaguo zuri pengine kuliko yote. Lakini rafadha yake iko chini ya chombo, haiinuki. Jiwe moja tu, na faida ya mwaka imekwisha.

Pale ambapo kubwa inashinda

Isidhaniwe kwamba mashine kubwa ni ulimbukeni. Boti nyepesi ya faiba, yenye tumbo bapa, imeundwa ipande juu ya maji, na bila nguvu ya kutosha haipandi. Ikipewa mashine dhaifu inaburuza matako na kula mafuta kuliko ikiwa na kubwa. Mama mwenye uchungu Juani saa 8 usiku, kusi linavuma, anatakiwa Kilindoni kwenye hospitali ya wilaya. Hapo hakuna wa kukaa anasubiri upepo ugeuke. Kijiji kikiwa na boti moja ya aina hiyo, ikiwa na petroli iliyotengwa isiyoguswa kwa shughuli nyingine, lita 20 kwa saa si anasa.

Kwa upande wa watalii soko limegawanyika. Wazamiaji wanataka boti ya kasi. Wengine wanakuja kwa ajili ya tanga lenyewe, na kwao kelele ya mashine ndiyo kasoro. Mafia ina hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, ya kwanza Tanzania, na upande wa Kilindoni kuna papa potwe wanaoogelea karibu na uso wa maji, hasa kati ya Oktoba na Machi. Rafadha ya mashine kubwa na mgongo wa papa potwe ni vitu visivyotakiwa kukutana.

Mashine za umeme nazo zinakuja. Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria zipo zinazokodishwa kwa wavuvi, betri zikichajiwa kwa jua. Kwa safari fupi kama Utende hadi Kua zingefaa, hasa zikisindikizwa na tanga. Kikwazo ni bei ya betri na maji ya chumvi, ambayo hayaoni haya kula waya za mtu.

Kinachopungua kwa sasa ni mafundi wa upande wa pili. Kuvuta kamba ya mashine kunajifunzwa asubuhi moja. Kubisha, kugeuza foromali upepo ukiwa mkali, kusoma mkondo kwa kuangalia rangi ya maji, hayo yanachukua misimu. Jibondo, ng'ambo tu ya Juani, bado kuna mafundi wa kuunda vyombo vya mbao. Anayetaka kuagiza mashua mpya aamue kabla mlingoti haujatafutiwa mahali pake, kwa sababu chombo kilichoundwa kwa mashine peke yake hakipokei tanga vizuri baadaye.