Kompyuta kwenye runinga: angalia matundu kabla ya kununua waya

Mkulima wa alizeti au mwenye duka wa Kinyangiri, wilayani Mkalama, anayetaka kompyuta ya mezani kwa hesabu zake anaweza kuokoa fedha ya skrini iwapo ana runinga. Lakini akinunua waya kabla ya kuangalia nyuma ya vyombo hivyo, fedha inaweza kupotea bure.

Runinga bapa nyingi zina tundu la HDMI, linalopitisha picha na sauti kwa waya mmoja. Kompyuta kuukuu yenye VGA pekee, tundu lenye vishimo 15, hutoa picha tu. Sauti huhitaji waya wake au spika.

Runinga ya chogo yenye matundu ya njano, nyekundu na nyeupe kwa kawaida huhitaji kigeuzi. Hata hapo, video itatazamika, lakini tarakimu ndogo za daftari la mauzo hazitasomeka vizuri. Kwa kazi ya hesabu, heri kununua skrini.

Waya ukishachomekwa, chagua kwa rimoti tundu lililotumika.

Wanaotumia umeme wa jua wajumlishe kwanza wati za vyombo vyote viwili. Zikizidi uwezo wa inveta, havitawaka pamoja.