Kabla ya kuformate mashini ya zamani, toa mali kwanza

Mu nyumba nyingi za Kolwezi, toka Manika mpaka Dilala, na hata kule Fungurume, iko ordinatere moja yenye kuzeeka. Baba aliinunua ya okazyo kwa masomo ya mutoto wa kwanza, ao kijana wa chuo aliiacha nyumbani alipopata ingine. Kuiwasha tu ni dakika kumi. Inakwama katikati ya kazi, na ekrani inajaa matangazo ambayo hakuna mutu aliyeyaita. Siku moja fundi anaiangalia, anasema: "Mama, mashini iko nzima, ni sisteme njo iko mugonjwa. Tuiformate tu, iishe."

Mara nyingi fundi anasema kweli. Lakini mu neno hilo "kuformate" muko kazi mbili: kufuta kila kitu kilichokuwa ndani, na kuweka sisteme mupya. Kuweka sisteme ni kazi ya saa moja ao mbili, na ikikosewa inaanzwa tena. Kufuta njo hakuna kurudi. Watu wengi wanaolia kisha kuformate, hawalii juu ya sisteme. Wanalilia picha za marehemu mama, kazi ya mwisho wa masomo ya mutoto, ao makaratasi ya kazi yaliyokuwa mu mashini peke yake.

KWA NINI SASA

Windows 10 ilitoka mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuitumia marekebisho ya kawaida ya usalama. Mashini haizimiki kwa sababu hiyo. Inaendelea kuwaka kama jana. Ila tundu jipya likionekana, halizibwe tena, na wezi wa intaneti wanalijua. Kwa watu binafsi wenye kujiandikisha, Microsoft iliongeza muda mpaka 13 Oktoba 2026, basi.

Windows 11 nayo inachagua. Inadai RAM ya giga 4, disiki ya giga 64, kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida ni kizazi cha 8 kuendelea, yaani mashini zilizoanza kuuzwa mwisho wa mwaka 2017. Mashini nyingi za okazyo tunazoona hapa zimezaliwa mbele ya hapo.

Je, tuzitupe? Hapana. Ndani ya mashini muko shaba, na mu bateri za namna hii muko kobalti mara nyingi. Sisi wa Lualaba tunajua jasho la kutoa vitu hivyo mu udongo. Kutupa mashini nzima juu ya sisteme mugonjwa ni kama kuacha shimo lenye madini kwa sababu tu maji yameingia. Maji yanavutwa, kazi inaendelea.

Dawa moja ni Linux, sisteme ya bure. Linux Mint, kwa mufano, iko na Kifaransa, inaanzia RAM ya giga 2, ijapokuwa giga 4 njo nzuri zaidi, na inaomba disiki ya giga 20 kwa uchache. Sheria yake inaruhusu kila mutu kuikopia: klé USB moja inaweza kuhudumia avenue nzima bila mutu kuiba kitu. LibreOffice inakuja pamoja nayo, na inafungua barua na hesabu za Word na Excel. Lakini tuseme kweli: kama mutoto anasomea mines ao ujenzi na mwalimu anadai AutoCAD, Linux haitamutosha. Huyo atafute mashini yenye kubeba Windows 11.

TOA MALI KWANZA

Tunaomba kila familia ikae pamoja kabla ya siku ya kuformate, kila mutu aseme ana nini ndani ya mashini. Muangalie pahali hapa:

– "Documents", "Images", "Bureau" na "Téléchargements", kwa kila mutu mwenye konti mu mashini. Watu wengi wanasahau "Téléchargements", na kumbe njo pahali buletini za mushahara na matokeo ya shule zinalalaga.
– Maneno ya siri na anwani zilizohifadhiwa mu programu ya kufungulia intaneti. Muziandike mu kitabu kinachobaki nyumbani.
– Hesabu za duka la mama, kama anazipanga mu programu ya pekee. Muhakikishe namba ya ruhusa ya programu hiyo iko bado.
– Disiki ya pili, ile inayoitwa D. Mafundi wengine wanaiacha, wengine wanaifuta. Musikisie.

Kisha, mukopie vyote pahali pawili tofauti: disiki ya inje na klé, ao klé na mashini ya ndugu. Musiishie hapo. Mufungue picha tatu na karatasi tatu mu mashini ingine, muone kama zinafunguka kweli. Klé za bei ya chini zinadanganya: zinaonyesha majina ya fishi, na ndani hamuna kitu.

Mu muji wetu karatasi si kitu cha kucheza. Mwaka 2003 Gécamines ilianza kuachisha kazi watu zaidi ya 10,000 kwa mupango ulioitwa "départs volontaires", na wengi wao walibishana miaka mingi juu ya malipo yao. Kila muzee wa wakati ule atakuambia karatasi moja ya miaka ya kazi inabeba uzito gani. Leo karatasi hizo zinalindwa mu mashini, ao kadi ya muchimbaji inapigwa picha na telefoni. Mashini ikifutwa bila kopi, ushahidi umeenda.

KLÉ NA MEGA

Inahitajika klé USB ya giga 8 kwa uchache, isiyo na kitu cha maana, sababu nayo itafutwa. Linux Mint inakula karibu giga 3 za intaneti, Windows zaidi ya giga 5. Kwa mega za telefoni ni feza nyingi. Afazali kuomba wifi ya kazini kwa ruhusa, ao kuunga feza watu watano na kutengeneza klé moja. Sisteme ichukuliwe pa saiti ya wenyewe, Microsoft ao Linux Mint. Kuitengeneza mu klé, programu ndogo kama Rufus inatosha.

Tuogope Windows "ya crack". Programu zinazolazimisha Windows ifanye kazi bila ruhusa zinaombaga kwanza uzime ulinzi wa mashini. Mutu anayekuomba uzime taa ya mulango ili aingie, unajua anatafuta nini. Tena, kama Windows 10 ya kweli ilikuwa mu mashini hiyo, hamuna haja ya crack: wakati wa kuweka, muchague "Je n'ai pas de clé de produit", na mashini itajitambua yenyewe ikifika ku intaneti.

SIKU YA KAZI

Muangalie umeme kwanza. Tuko karibu na Nzilo na Nseke, lakini SNEL inakata kwetu pia. Bateri ijae, ao mashini ifungwe ku onduleri. Umeme ukikatika katikati ya kuweka sisteme, musiogope: munaanza tena na klé. Lakini BIOS musiiguse siku ya umeme mubaya. Hiyo ikikatikia katikati, mashini inaweza kufa kabisa.

Muchomeke klé, muwashe mashini na mufinye butoni ya kuchagua: mara nyingi ni F12 kwa Dell, Lenovo na Toshiba, Esc kisha F9 kwa HP, Esc kwa Asus. Linux Mint inakubali kujaribiwa mbele ya kuwekwa. Mutumie nafasi hiyo: wifi inashika? Sauti inatoka? Kama ndiyo, muendelee.

Kabla ya kufinya "Effacer le disque", mutoe disiki ya inje yenye kopi zenu. Ikibaki imechomekwa, mukono ukiteleza, dawa na mugonjwa wanakufa pamoja.

Sisteme ikiisha kuingia, muunge intaneti, mukubali marekebisho yote, kisha murudishe fishi zenu. Musirudishe programu za zamani kutoka ku klé. Virusi inaweza kulala mule. Na kama mashini ingali nzito, mara nyingi kosa ni disiki ya zamani yenye kuzunguka. Kuweka SSD pahali pake njo kunabadilisha kuliko yote.

UKIPELEKA KWA FUNDI

Si kila mutu atafanya mwenyewe, na mafundi wetu wengi wanajua kazi. Ila umuulize maneno manne, ukikaa karibu naye: Utakopia wapi vitu vyangu? Disiki D utaiacha? Sisteme unayoweka inatoka wapi? Kisha kumaliza, marekebisho yatafika? Fundi muzuri hatakasirika.

Na kwa wenye kununua okazyo: muwashe mashini mbele ya kulipa. Ikiomba neno la siri kabla Windows haijaonekana, ao ikitaja jina la kampuni fulani, muiache. Kuformate hakuondoe kufuli ya BIOS, na inaweza kuwa mali ya kuibwa. Vilevile mashini ya kampuni iliyo mukononi mwenu kwa kazi: musiiformate bila ruhusa ya watu wa informatiki.

Bateri ikivimba, itolewe na fundi, isitobolewe wala kutupwa mu moto. Watoto wakae mbali.

Mashini ikiisha kupona, muweke siku moja ya kila mwezi, kama siku ya mushahara, ya kukopia vitu vya familia. Ni kazi ya dakika kumi. Siku sisteme itagonjwa tena, na itagonjwa tu, mutamuambia fundi bila woga: "Futa yote, baba. Mali yetu tulishatoa."