Kwato za punda na macho ya dereva

Madereva wa njia ya Mombasa kwenda Malindi hawakosi kisa hiki: mwanamke wa buibui kasimama kando ya lami usiku wa manane, anasimamisha gari, uzuri wake haumithiliki, hadi taa zimmulike miguuni. Kwato za punda! Kuwapo kwa majini ni suala la imani, na sina ugomvi nalo. Langu ni kuuliza jicho huona nini saa hiyo.

Taa zikiwa dim, mwanga hulala chini. Miguu huonekana kwanza. Kiwiliwili humezwa na giza, hasa kikiwa ndani ya buibui jeusi. Dereva hupata vipande tu, na ubongo hujaza pengo kwa kile unachokijua au unachokiogopa. Sasa weka hapo punda aliyefunguliwa mkokoteni, kasimama nyuma ya mtu. Kwangu mimi, kwato zile zimeshapata mwenyewe. Hata macho yanayowaka gizani yana sababu: punda, paka na mbuzi wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga. Binadamu hana.

Halafu linakuja lori limewasha full. Jicho huhitaji takriban nusu saa kuzoea giza sawasawa. Mwanga mkali huharibu kazi hiyo mara moja, na kwa sekunde kadhaa dereva anakuwa nusu kipofu. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde gari limekula mita 22. Mwenye umri mkubwa au mtoto wa jicho huchelewa zaidi kurudiwa na nuru.

Usingizi nao ni mchawi. Kati ya saa nane usiku na alfajiri mwili hudai kulala, na mtu aweza kusinzia sekunde chache bila kujitambua, ndoto ikachanganyika na barabara. Mlingoti wa mkonge pale Vipingo unageuka mtu anayepunga mkono. Kutafuna majani ya muguka huahirisha usingizi. Deni liko palepale.

Mchana kuna mazigazi, lile dimbwi linalokimbia mbele ya gari: hewa ya moto juu ya lami hupinda mwanga wa anga. Na kule Kituluni, Machakos, gari huonekana likipanda mlima lenyewe kwa sababu mandhari hulidanganya jicho kuhusu mteremko. Huko angalau hafi mtu.

Usiku ni jambo jingine. Watembea kwa miguu ndio wengi zaidi kati ya wanaouawa katika barabara za Kenya, na yule unayemwita jini huenda ni mama anayetoka matangani. Dereva, pima macho, safisha kioo, lala kabla ya safari. Nanyi mnaotembea usiku, jifungeni leso nyeupe na mtembee mkielekeana na magari. Ukimwona bibi wa kwato, kanyaga breki, usikanyage mafuta.