Meno Marefu na Chumvi Nyingi

Waingereza wakitaka kusema kuwa fulani amezeeka, husema meno yake yamekuwa marefu. Ndugu msomaji atashangaa, kwani wazee tuwajuao hupungukiwa meno, hawaongezewi.

Asili ya msemo huo ni farasi. Mnyama huyo akizeeka, ufizi hurudi nyuma na meno ya mbele huinama kuelekea nje, hata yakaonekana marefu. Mnunuzi hakutegemea kiapo cha muuzaji. Alimfunua farasi mdomo akausoma umri. Kwa hiyo msemo haudokezi miaka peke yake, bali bei iliyoshuka. Kijana wetu mmoja hapa Nyakato aliutamka kikaoni, ilipojadiliwa kama mzee fulani aendelee kushika funguo za msikiti. Alidhani amesema jambo la kistaarabu, kumbe amempeleka mzee mnadani.

Kusoma umri menoni si jambo geni kwetu. Katika Kiarabu neno sinn ni jino, na ni umri pia; ndiyo maana mnyama aliyefikia umri wa udhhiya huitwa musinna. Mbuzi hana meno ya mbele juu. Chini anayo manane, na baada ya mwaka mmoja hivi mawili ya kati hung'oka, yakaota makubwa. Kisha jozi nyingine hufuata moja baada ya moja, hadi kinywa kinapotimia akikaribia miaka minne. Katika madhehebu ya Shafi mbuzi hutakiwa awe ametimiza miaka miwili, ng'ombe miwili, ngamia mitano. Basi mbuzi mwenye meno makubwa mawili tu, muuzaji na aulizwe vizuri kabla fedha hazijatoka mfukoni! Hapo kutazama kinywa ni wajibu wa mnunuzi, na mbuzi havunjiwi heshima.

Kwa binadamu, Kiswahili kilichagua kitu kingine cha kinywani: mzee amekula chumvi nyingi. Hapo hapimwi kwa alichopungukiwa. Huhesabiwa alichokwisha kuonja. Nasi wa kando ya ziwa tuna sababu ya kuuelewa msemo huo, maana maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayatoi chumvi. Wasukuma wa kale waliifuata kwa misafara ya miguu hadi Ziwa Eyasi, na huko magharibi watu waliitegemea ile iliyochemshwa Uvinza. Kijiko kimoja kilikuwa na safari ya siku nyingi ndani yake.